Stara na Siku Moto Ulipozimwa Gulwe

Mama yangu mzazi aliichoma tembe. Anayeijua nyumba ya tembe ya Kigogo ataniita mwongo, kwa sababu paa la tembe ni udongo uliotandazwa juu ya miti, na udongo hauungui. Nami nasema hivyo hivyo, hauungui. Lakini Stara aliuchoma. Wazee wa Gulwe walikuja kulitazama lile paa, wakalipapasa kwa viganja, wakaondoka zao. Mmoja wao hakula tena chakula cha moto mpaka alipokufa.

Nikisema Stara nasema mama yangu, na adabu yangu ninayo. Ila haya ni mambo ya siku ambazo hakuwa bado mama wa mtu. Alikuwa msichana tu wa Gulwe, miguu mirefu, na kicheko cha kukatisha watu sala. Mimi nilikuwa bado niko kule wanakokaa watoto kabla ya kuzaliwa, nachungulia. Kwa hiyo nitakayosema niliyaona.

Baba yake aliitwa Shaaban. Alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi na majora ya nguo, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku alipofika Gulwe bega likamwambia basi, umenitosha. Akatua mzigo. Akaoa Mgogo, akajenga tembe, akafungua kiduka cha tende na shanga. Mke akamzalia Stara, kisha akafariki mtoto akiwa bado anatambaa. Stara akalelewa na wanaume wawili. Mmoja ndiye huyo baba yake, Mwislamu asiyekosa swala. Wa pili ni Matonya, kaka wa marehemu mama yake, mfuga ng'ombe, mtu wa mila kutoka unyayo hadi utosi, na mlinzi wa moto wa mtemi. Kazi hiyo ya moto tutaifikia.

Sasa wanaume wawili, nani kati yao angemfundisha binti kukaa na mafiga? Hakuna. Stara alijifunza mwenyewe, na moto nao ulimjua mapema ukamchukia. Akisonga ugali, chini unakuwa mkaa na juu unga mbichi. Akikaanga karanga, anatoka na kokoto nyeusi. Siku moja aliteleka maji matupu, yakaungua. Msinicheke. Shaaban aliyanywa, akasema yana ladha ya moshi na kidogo ya kucha.

"Mwanangu," Shaaban alimwambia siku lile paa lilipoungua, wamekaa nje wakitazama moshi, "mimi nimepita pori la Mgunda Mkali mara nyingi. Simba nimewaona. Lakini jiko lako ndilo linaloniogopesha."

"Basi baba, nifanye nini?"

"Vile vya kwenye kinu. Nipe vile vya kwenye kinu kila siku, nitakushukuru."

Maana kinu kilimpenda. Ndivyo ilivyokuwa. Chochote kisichouona moto kilitoka mikononi mwa Stara kizuri kuliko kilivyoingia. Alizoea kuchukua tende za dukani zile zilizogandamana, ambazo wateja hawazitaki, akazitoa kokwa. Karanga mbichi alizilowesha usiku kucha zikavimba kama mashavu ya mtoto, asubuhi akazimenya ngozi moja moja. Akavitia kinuni pamoja akatwanga. Hakutwanga kwa kupiga kama mtu anayeukomoa mtama, alitwanga kwa kuzungusha mchi mpaka karanga zenyewe zitoe mafuta na tende ziyanywe. Akatia chembe ya chumvi ya Ugogo, ile ya kukwangua ardhini. Kisha akafinyanga vidonge, akavigaragaza katika unga wa ubuyu, vikatoka vyeupe kama mayai. Ukikitia kinywani, kwanza ubuyu unakung'ata ulimi kwa uchachu, halafu utamu unakuja nyuma kuomba radhi. Nyuki waliokuja kuonja, wazee wanasema, walirudi mzingani wakaimwaga asali yao kwa aibu.

Mwaka wenyewe ni ule Wadachi walipoifikisha reli Gulwe. Kambi ya makuli ilipigwa ng'ambo ya korongo, na duka la Shaaban likawa halikauki watu. Stara akawa anapeleka vidonge vyake kwenye ungo, huko huko walikokuwa wakitandika mataruma ya reli. Kati ya makuli alikuwepo kijana wa Mpwapwa, Halfani, mtoto wa kiongozi wa misafara. Siku ya kwanza Halfani alikuwa amebeba chuma cha reli na wenzake saba, mikono imejaa, Stara akamtilia kidonge kimoja mdomoni kwa utani. Halfani akatafuna. Akafumba macho. Wale saba wakachoka kungoja wakaachia, na yeye akabaki amekibeba kile chuma peke yake, bado anatafuna, hana habari.

"We bwana, tua!" wakampigia kelele.

"Ngojeni," akasema, "sijameza."

Wiki haikupita, Halfani akaja kwa Shaaban na kanzu ya kuazima. Shaaban akamkubali kabla hajamaliza salamu. Stara alikuwa amemkubali tangu kile kidonge. Alibaki mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa mlima.

Bi Jaha, mama yake Halfani, alikaa Mpwapwa, mjane, mwenye sauti ya parapanda. Alikuwa amekwisha kuwakataa wasichana wawili. Wa kwanza kwa sababu ya chumvi. Wa pili alikoroga kwa mkono wa kushoto. Katika ukoo wao mama mkwe huenda mwenyewe kwa binti, anakaa mbele ya mafiga, anatazama kila kitu tangu kuni ya kwanza, kisha anakula. Na huenda na tumbo tupu, tangu jana yake hajatia kitu kinywani ila maji, ili asije akasingizia kwamba alikuwa ameshiba. Akila akanawa, binti amepita. Akinawa bila kumaliza, punda wake anageuzwa kichwa.

Halfani alimpenda Stara, lakini kuoa bila radhi ya mama yake hakuthubutu. Na kambi ilikuwa inahama. Reli ilikwisha kunusa Dodoma, baada ya Jumamosi makuli wote wangeifuata, Dodoma, Kilimatinde, mpaka huko Tabora. Ikiwa Bi Jaha atasema hapana, Halfani ataondoka na reli peke yake na Gulwe haitamwona tena. Stara alilijua hilo vizuri. Siku mbili hakucheka. Gulwe nzima wakadhani kuna msiba.

Kisha salamu za Bi Jaha zikaja: "Nakuja wiki hii. Siku nitajieni ninyi. Nikute kuni kavu."

Stara alikaa na zile salamu asubuhi moja, akizigeuza. Halafu akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda kwa mjomba wake Matonya, akamkuta anakamua ng'ombe.

"Mbukwa, mjomba."

"Mbukwa, mpwa wangu. Umekuja na tumbo au na maneno?"

"Na swali. Moto tunauzima lini?"

Hapo ndipo kazi ya Matonya inapoingia. Kila mwaka, kabla ya mbegu kuingia ardhini, mtemi aliagiza mioto yote ya nchi izimwe. Moto wa mwaka mzima umechoka, umeona ugomvi, umeona magonjwa, hautakiwi kuipokea mvua. Basi asubuhi kila nyumba inamwagia maji mafiga yake, inazoa majivu na kuyatupa njia panda. Mlinzi wa moto anapanda kilimani na vijiti viwili, anavipekecha mpaka moto mpya uzaliwe, na jioni kila nyumba inachukua kutoka huo mmoja. Kati ya asubuhi na jioni hakuna anayewasha hata kiko. Mgogo asiwashe, Mnyamwezi asiwashe, Mwislamu asiwashe, awaye yote akaaye juu ya ardhi ile.

"Alhamisi," Matonya akasema. "Mbona unauliza? Mwaka jana ulisahau mpaka nikaja kukuzimia mwenyewe."

"Mwaka huu sisahau, mjomba," akasema Stara, na kicheko kikamrudia, ng'ombe akamwaga maziwa.

Akamwambia baba yake amtumie Bi Jaha neno: Alhamisi. Shaaban akamtazama. Aliijua siku ile kama kila mtu. Hata hivyo akaenda kutuma neno. Nadhani aliyakumbuka yale maji.

Jumatano nzima Stara alikuwa kinuni. Hakuridhika na vidonge tu, alitaka kitu cha kushinda hata pilau ya samli. Halfani alikuwa ameletewa nazi nne na gari la vifaa kutoka pwani, na Gulwe hakuna aliyekuwa na mbuzi ya kukunia. Halfani akachukua bati bovu, akalitoboatoboa kwa msumari wa reli, likawa na meno upande wa pili, na Stara akazikuna nazi juu yake mpaka vidole vikamwonya. Kisha akatengeneza kile ambacho baadaye watu wa stesheni nzima walikiita mkate wa kinu. Chini, ndani ya kibuyu kipana kilichopasuliwa, alishindilia karanga na mbegu za maboga zilizotwangwa na tende, ngumu kama sakafu. Juu yake ndizi mbivu za Mpwapwa zilizopondwa na ukwaju, ili utamu usilale usingizi. Juu kabisa tui zito la nazi alilolikoroga na unga wa ubuyu mpaka likakataa kumwagika hata ukiinamisha kibuyu. Akalinyunyizia ufuta. Halafu akakifukia kibuyu hadi shingoni kwenye mchanga uliolowa chini ya mtungi wa maji, pale penye baridi, kikalala humo mpaka asubuhi. Kilipotolewa, tui lilikuwa limeshikamana, ukilikata kwa kisu linasimama.

Alhamisi mafiga yakamwagiwa maji. Gulwe ikanyamaza, hakuna moshi hata uzi, mbingu ikaonekana mpya. Jua likiwa limepanda kiasi, Bi Jaha akatokea na punda wake. Punda amebeba chungu cha samli, mfuko wa mchele, na sufuria ya Bi Jaha mwenyewe, maana sufuria za watu hakuziamini.

"Shikamoo, mama," Stara akasema, amepiga goti.

"Marahaba. Simama nikuone. Mrefu. Haya, jiko liko wapi? Tangu jana mchana sijala, na nimetembea toka alfajiri. Utumbo umejifunga fundo."

Shaaban akakohoa. "Bi Jaha, karibu, karibu mkwe. Kuna jambo dogo. Leo moto hakuna."

"Hakuna nini?"

"Moto. Leo ndiyo siku ya kuuzima. Amri ya mtemi."

Bi Jaha akageuka taratibu, akaangalia huku na huku. Kweli, hakuna moshi. Mjini Mpwapwa, kati ya maduka na msikiti, mambo ya kuzima moto alikuwa akiyasikia kwa mbali tu. Matonya naye ndiyo kwanza anapita na vijiti vyake kwapani, akikagua nyumba ya mwisho kabla ya kupanda kilimani. Akatia kichwa mlangoni, akayatazama mafiga yaliyolowa, akatikisa kichwa kuridhika.

"Na ninyi," Bi Jaha akasema kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya zaidi, "mkanitajia Alhamisi."

"Kuna vitu vya kula, mama," Stara akasema haraka. "Nimeandaa. Vimetwangwa tu, havihitaji moto."

"Havijauona moto?"

"Havijauona."

"Hicho ni chakula cha ng'ombe, binti. Mwanangu hana pembe."

Stara akainama. Lakini moyoni alikuwa mtulivu, maana hesabu yake ilikuwa timilifu. Alikuwa ameyahesabu mafiga yote ya Gulwe, na ya jirani zao wa Msagali, na ya wafugaji wa mabondeni, na hakuna hata jiko moja lililobaki na kaa. Kambi ya makuli nayo ilizima, Halfani alihakikisha. Bi Jaha atakasirika, njaa itambana, ataonja. Basi.

Ndipo kukasikika puu, puu, puu.

Kumbe alilisahau jiko moja. Jiko linalotembea. Gari la kokoto, ambalo lilitarajiwa kesho, likaja leo, likapiga mluzi, likasimama kunywa maji hapo hapo chini ya nyumba ya Shaaban, na bomba lake likitapika moshi mweusi wa kutosha mioto ya nchi nzima.

Bi Jaha akauona ule moshi. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Kumbe moto upo!"

"Ule si wetu," Shaaban akasema.

"Bwana mlinzi," Bi Jaha akamgeukia Matonya, "ule wa Wadachi nao umeuzima?"

Matonya akalitazama gari la moshi. Akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki, hilo lazima niliseme, hata pale haki ilipomwumiza mpwa wake. "Ule haukuwashwa Ugogo," akasema. "Umewashwa huko pwani. Mimi sina amri nao. Ila ndani ya nyumba hauingii."

"Hauingii ndani. Atapikia nje." Bi Jaha akaishusha sufuria yake kutoka kwa punda kwa kishindo. "Halfani! Nenda na koleo kwa yule dereva, umwombe makaa. Mengi. Nataka kuona pilau."

Halfani, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya ukuta tangu mwanzo, akatokea. Alimtazama Stara, Stara akamtazama. Mimi nilikokuwa nachungulia nikasema, yamekwisha, sizaliwi.

Halfani akaondoka. Na jinsi alivyotembea! Kijana ambaye angebeba reli peke yake, siku ile alitembea kama amefungwa mawe. Alisimama kutoa mwiba. Alisimama kuutazama mti. Alipofika kwenye gari aliamkiana na dereva, akamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za wajomba.

Huku nyumbani Bi Jaha amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, sufuria mbele yake. Jua limepanda. Tumbo lake likalia, na lililia kwa sauti, mbuzi wa jirani akaitikia. Kila mtu akajifanya hakusikia.

"Hicho kilichofunikwa ni nini?" akauliza baada ya muda, akionyesha kwa kidevu.

"Ni kile cha ng'ombe, mama," Stara akajibu.

Shaaban akatazama pembeni.

"Una mdomo."

"Samahani, mama."

"Kilete. Sitakula. Nitatoa tu ukungu wa kinywani nisije nikaanguka hapa, watu wakasema Jaha kauawa Gulwe."

Stara akaleta kile kibuyu cha mkate na vidonge kwenye ungo. Akakata kipande, kikasimama. Bi Jaha akakinusa. Akakigeuza huku na huku, akitafuta kosa. Akamega kona ndogo, ya ukubwa wa ukucha, akaitia kinywani.

Akatafuna.

Akamega tena.

"Humu mna samli?"

"Hamna. Samli ingetaka moto."

"Sukari?"

"Ni tende tu, mama. Na ndizi."

"Mwongo. Huu weupe ni maziwa."

"Ni nazi na ubuyu."

"Ubuyu!" Bi Jaha akakitazama kipande kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemtarajia. "Ubuyu huu huu wanaokula nyani?"

"Nyani hawana kinu, mama."

Bi Jaha akachukua kipande cha pili. Hakusema anakionja. Kisha kidonge kimoja, kisha viwili kwa pamoja, kimoja kila shavu. Sikiliza, punda wake alinyoosha shingo, akaokota kipande kilichodondoka, na tangu siku ile punda yule alikataa majani mpaka yanyunyiziwe ubuyu. Halfani akarudi na koleo limejaa makaa mekundu, jasho linamtiririka.

"Mama, makaa haya hapa."

"Weka chini." Bi Jaha hakuinua kichwa. "Ngoja kwanza."

"Yatapoa, mama."

"Nimesema ngoja! Huoni nina kitu mkononi?"

Makaa yakawekwa chini. Yalikuwa mekundu, yakawa ya rangi ya chungwa, yakavaa majivu kama wazee wanavyovaa mvi. Stara alisimama anayatazama kuliko alivyowahi kutazama moto wowote maishani, akiyaombea kifo. Bi Jaha anakata, anatafuna, anaguna, anakata. Chini kule gari likapiga mluzi, puu, puu, likaondoka na moshi wake kuelekea Dodoma. Bi Jaha akakwangua upande wa kibuyu kwa kidole, akakilamba kile kidole, na ndipo akayakumbuka makaa. Akayasogelea kwa mkono. Baridi.

"Halfani, kalete mengine."

"Gari limeondoka, mama."

Bi Jaha akaangalia kibuyu kitupu. Akaangalia ungo, vidonge viwili tu. Kisha akainua macho, na macho yake yakapita mlangoni yakafika juu ya mafiga, kwenye lile paa la udongo lililokuwa jeusi, limepasuka, limekunjamana kama ngozi ya kiboko.

"Hili paa," akasema, "limekuwaje?"

Shaaban akaanza, "Radi, mkwe, mwaka jana kulikuwa na ra—"

"Ni mimi," Stara akasema.

Baba yake akafumba macho.

"Ni mimi niliyelichoma, mama. Moto umenishinda. Ugali unaniungua, karanga zinaniungua, hata maji yaliwahi kuungua. Na Alhamisi hii niliichagua mwenyewe. Nilimwuliza mjomba siku ya kuzima moto, nikataka uje siku hiyo, ili usinione jikoni. Ninachokiweza ni hicho ulichokila. Kingine sikiwezi." Kisha akaongeza, "Na mwanao nampenda. Hilo nalo nimeona niseme."

Halfani alikuwa ameshika koleo kama mtu aliyeshika mkuki. Nawaambia, hata inzi wa Gulwe walitua chini kusikiliza.

"Njoo hapa," Bi Jaha akasema.

Stara akasogea, akapiga goti.

"Mimi nilipoolewa," Bi Jaha akasema, polepole, na sauti yake ya parapanda imekuwa ya mtu wa kawaida, "marehemu mama mkwe wangu naye alikuja na tumbo tupu. Pilau aliyokula siku ile aliisifu mpaka alipokufa. Pilau ile aliipika dada yangu Zuhura, akaipitisha nyuma ya ua. Mimi nilikuwa nakoroga sufuria ya maji." Akamtupia jicho Halfani. "Na wewe ukitoka na neno hili nitakukana. Miaka arobaini nimeuficha uongo wangu, nikawakagua watoto wa watu kwa ukali ili asitokee wa kunishuku. Na sasa huyu, mwongo kuliko mimi, ananiambia mwenyewe."

"Sikudanganya chakula, mama," Stara akasema taratibu.

"Hukudanganya chakula. Ni cha mkono wako." Akashusha pumzi. "Lakini mwanangu atakula nini? Hawezi kula utamu asubuhi na jioni, atatembelewa na sisimizi."

"Nitapika mimi," Halfani akasema.

"Wewe?"

"Kambini mimi ndiye mpishi, mama. Mwaka mzima sasa. Wenzangu hawajalalamika."

"Nilikuzaa uwe kiongozi wa msafara!"

"Misafara imekwisha, mama. Kuna gari la moshi."

Bi Jaha akamtazama mwanawe, akamtazama Stara, akalitazama lile paa. Kitu kikaanza kumtikisa mabega. Kwanza Shaaban alidhani analia, akataka kukimbilia maji. Kumbe ni kicheko, kicheko cha miaka arobaini kilichokaa chini ya sufuria ya maji matupu, kikatoka chote kwa mara moja. Stara naye akashikwa. Wakacheka wale wanawake wawili mpaka Matonya kule kilimani, aliyekuwa anapekecha vijiti tangu alipopanda bila mafanikio, alishtuka mikono ikateleza kwa kasi, na cheche ikaruka. Ndiyo maana moto wa mwaka ule ulizaliwa mapema kuliko miaka yote, na mvua ikanyesha mpaka vyura wakaomba basi.

Bi Jaha akachukua vile vidonge viwili vya mwisho, akavila kimoja baada ya kingine, akaomba maji. Stara akamletea kata. Mama mkwe akanyoosha mikono, akanawa vidole kimoja kimoja, polepole, kila mtu aone.

Jioni moto mpya ulipoteremka, Halfani ndiye aliyeupokea, akaipika ile pilau ya samli kwenye sufuria ya mama yake. Stara aliambiwa akae hatua kumi kutoka kwenye mafiga, akakaa. Hata hivyo kona ya kanga yake ilikutwa imebabuka.

Wakahamia Dodoma na reli, wakajenga upande wa Makole kulipokuwa bado na miiba mitupu, nami hatimaye nikapata ruhusa ya kuzaliwa. Bi Jaha alikuja kututembelea akaishia kubaki, akawa anashika mchi wa pili. Niliwaona wakitwanga, mchi mmoja unapanda mwingine unashuka, na abiria wa treni walikuwa wakishuka madirishani kabla gari halijasimama.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku aliyorudi Mpwapwa kutoka Gulwe, majirani walimzunguka Bi Jaha kabla hajafunga punda. Haya, wakamwuliza, huyo binti anapika?

"Sijawahi kula chakula chake kikawa kimeungua," Bi Jaha akajibu, akaingia ndani.

Na hapo hakudanganya. Uongo katika ukoo wetu nimekuja kuuanzisha mimi.